Fedha za Pamba na Vijana wa Bariadi

Zamani, Usukumani, ujana ulikuwa na wadhifa wake. Wavulana waliopevuka lakini hawajaoa waliitwa basumba, na juu yao alikuwapo nsumba ntale, kiongozi aliyekubaliwa na wenzake. Yeye ndiye aliyewaita kwenda kulima shamba la mtu fulani, aliyetoza faini kwa asiyetokea, na aliyesimamia ugawaji wa nyama au pombe ambayo mwenye shamba aliitoa kuwa malipo. Kulima kulikwenda na wimbo, majembe yakiinuka na kushuka kwa pamoja, na ngoma ya bugobogobo inachezwa hadi leo jembe likiwa mkononi. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya mkoloni, na ofisa wa utawala D. W. Malcolm, wote walitoa vitabu vyao kuhusu Wasukuma mwaka 1953, na tunaowasoma leo tunakuta humo kijana anayejulikana na kila mtu kijijini: kundi lake, kazi yake, na siku atakayoondoka kundini.

Tusiupambe mno utaratibu huo. Jasho la basumba lilijaza maghala ya wazee, na mlango wa kutokea ujanani ulikuwa na ufunguo mmoja tu, ng'ombe wa mahari, ambao walikuwa mkononi mwa baba. Mzee aliyeamua kuchelewesha aliweza kumweka mwanawe katika ujana kwa miaka. Binti naye alisubiri bila hata kuulizwa. Lakini kusubiri kule kulikuwa na mwisho unaoonekana. Kijana alijua anasubiri nini, na kutoka kwa nani.

Nchi inayozungumzwa hapa ni ile ya mashariki ya Ziwa Viktoria, kuanzia Busega penye maji hadi Meatu inakopakana na mapori ya wanyama, na Bariadi, Itilima na Maswa katikati. Tangu Machi 2012 inaitwa Mkoa wa Simiyu, makao makuu yake Bariadi. Kabla ya hapo sehemu yake kubwa ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na Busega katika Mkoa wa Mwanza. Udongo wake mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi ndio uliowavutia watawala wawili mfululizo, Wajerumani kisha Waingereza, kwa sababu ulikubali pamba. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikapitia Malampaka upande wa Maswa. Pamoja na reli yakaja maduka. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi walifungua kaunta zao katika miji midogo ya Usukuma, na nyuma ya kaunta zikapangwa kaniki, shuka, majembe, taa za chemli, sabuni, na baadaye baiskeli iliyoning'inizwa juu ili kila anayeingia aione.

Mpango huo haukuwa wa bahati. Kodi ya kichwa ilimlazimisha mkulima kutafuta shilingi, lakini akishalipa kodi, ni nini kitakachomfanya alime ekari nyingine? Watawala walilitambua tatizo hilo na jibu walilolitegemea lilikuwa duka. Mtu atalima zaidi akitaka zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nguo na bidhaa nyingi ziliadimika Tanganyika, na baada ya vita maofisa wa kilimo katika makoloni mengi walilalamika kwamba mkulima asiyeona cha kununua haoni pia sababu ya kuongeza zao. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo msingi wa hoja yangu yote. Hamu ya vitu, ambayo baadaye vijana walikaripiwa kwayo na serikali, na mapadri, na waandishi wa riwaya, ilipandwa na kupaliliwa kwa makusudi pamoja na mbegu za pamba.

Katika miaka ya 1950 ilizaa. Bei ya pamba duniani ilipanda wakati wa vita vya Korea, na wakulima wa Jimbo la Ziwa wakaanza kudai mizani ya haki na faida ya zao lao. Paul Bomani, kijana aliyezaliwa mwaka 1925, aliunganisha vyama vya wakulima hadi kikazaliwa, mwaka 1955, Victoria Federation of Co-operative Unions. Ndani ya miaka michache shirikisho hilo likawa mnunuzi wa pamba yote ya jimbo na mmiliki wa majineri. Lilitajwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika, na lilijengwa na watu wa jembe la mkono.

Ndani ya nyumba kulitokea jambo ambalo kumbukumbu za ushirika haziligusi sana. Ng'ombe walikuwa wa baba, lakini pamba iliweza kuwa ya mtoto. Kijana asiyeoa aliweza kukatiwa robo ekari, akapanda Novemba au Desemba, akapalilia, akachuma kuanzia Mei, akatenga pamba safi na pamba fifi, akaipeleka mwenyewe kwenye mzani na kurudi na noti mfukoni. Kwa mara ya kwanza akawa na mali ambayo haikupitia zizini. Wengi walinunua baiskeli. Ilibeba magunia na kupeleka mgonjwa zahanati, lakini pia ilimpeleka mwenyewe kwenye ngoma vijiji sita mbele, na huko alionekana. Mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo uhasama wao ni wa tangu karne ya 19, yalifanyika baada ya mavuno, hela zikiwa bado mpya. Kila upande ulijaribu kuvuta umati wa watazamaji kwa sare, kwa dawa, na kwa kitu kipya ambacho wapinzani hawakukitarajia. Fedha za pamba ziliingia uwanjani moja kwa moja.

Wasichana walichuma pamba hiyo hiyo, na kwa kawaida walichuma zaidi, lakini mzani ulisoma jina la mwanamume. Kanga mbili na pea ya viatu vilikuwa zawadi, havikuwa mshahara. Yeyote anayetaka kuandika historia kamili ya tamaa Usukumani lazima aanzie kwenye dhuluma hiyo ya kila msimu.

Uhuru ulipokuja, mavuno ya pamba yaliendelea kupanda hadi katikati ya miaka ya 1960, kisha siasa ikageuka. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka mbele watu, ardhi na jasho kabla ya fedha. Kulikuwa na ukweli mkubwa ndani yake, na waliolipokea kwa moyo hawakudanganywa. Hata hivyo lilimkuta kijana aliyekwisha kufundishwa kwa miaka 40 kwamba maendeleo yanaonekana mwilini na barazani: suruali, redio, bati. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, wigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana vikapigwa marufuku. Mitaani Dar es Salaam wasichana walisumbuliwa na makundi ya wavulana waliojifanya walinzi wa utamaduni. Kampeni hiyo ilikuwa ya mjini zaidi, lakini lugha yake ilienea nchi nzima. Kijana anayependa vitu alipewa jina la mhuni, na asiye na shughuli inayoeleweka akaitwa mzururaji.

Ndipo riwaya zikaja. Ng'ambo ya maji kutoka Busega, katika kisiwa cha Ukerewe, ambako nako pamba ililimwa, alizaliwa mwaka 1944 Euphrase Kezilahabi, katika kijiji cha Namagondo. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na ndani ya miaka mitano akachapisha riwaya tatu zinazohusu vijana waliopotea njia. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971: binti aliyelelewa kwa mkono wa chuma na baba mlevi, akafika shuleni asijue kuutawala uhuru wake, na mwishowe akajiua. Shule ziliizuia kwa muda, kana kwamba aibu ilikuwa ya mwandishi. Kichwamaji ikafuata mwaka 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi kwao Ukerewe akiwa hana imani na Mungu wa wazazi wake, wala na cheo anachotayarishiwa, wala na mapenzi. Anaoa, mtoto wake anakufa, naye anajiua. Mwaka 1975 ikaja Dunia Uwanja wa Fujo, ambamo Tumaini anarithi mali na kuitapanya kwa pombe na wanawake, kisha anajirudi na kutajirika, hadi siasa mpya inapoigusa mali yake na yeye anaua kiongozi.

Wahakiki wengi wamemsoma Kezilahabi pamoja na wanafalsafa wa Ulaya walioandika juu ya utupu wa maisha, na hawakukosea, maana aliwasoma. Mimi naona usomaji huo umeacha kitu nje. Vijana wake ni watoto wa eneo la pamba. Wanarudi katika nyumba ambazo baba anamiliki kila kitu, wakitoka mjini ambako kila kitu kinauzwa, na hakuna daraja kati ya pande hizo mbili. Kazimoto hajui aishi kwa ajili ya nini, lakini tazama jinsi alivyoandaliwa: elimu imemwondoa shambani, na mshahara anaouona kwa wenzake waliotangulia umewageuza kuwa watu asiowaheshimu. Hilo ni swali la falsafa. Ni swali la historia pia, na lilikuwa na anwani.

Wakati huohuo Dar es Salaam lilikuwako kundi jingine la waandishi, akina Hammie Rajab na Kajubi Mukajanga, walioandika vitabu vyembamba vya mapenzi na uhalifu, baadhi wakivichapa na kuviuza wenyewe mitaani. Wahusika wao ni vijana wa kuja, wenye njaa ya suruali ya kisasa, bia baridi na lifti ya gari. Walimu wa fasihi waliviita vitabu vya ovyo. Kwangu ni hazina. Hakuna ripoti ya serikali ya miaka hiyo inayoeleza kwa usahihi kama wao bei ya kuonekana mtu mjini, ingawa karibu kila mara mwandishi humwadhibu kijana mwishoni, kwa jela, kwa ugonjwa au kwa risasi. Adhabu hiyo iliwapendeza wakubwa. Wasomaji, nadhani, walisoma kwa ajili ya kurasa zilizotangulia.

Bariadi yenyewe wakati huo ilikuwa katika misukosuko mingine. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji katika Mkoa wa Shinyanga iliwahamisha watu kutoka katika maboma yaliyotawanyika na kuwapanga kwa mistari. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na pamba ikanunuliwa na mamlaka ya umma iliyochelewesha malipo. Kisha ikaja vita ya Uganda ya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaisha, na maduka yakawa matupu. Wazee wa mkoa wote wana simulizi za foleni ya sabuni. Mkulima aliyeuza pamba alikuwa na noti zisizonunua kitu. Wengi walipunguza pamba wakalima chakula na kununua ng'ombe. Yale waliyoyahofia watawala wa kikoloni yalitimia chini ya serikali ya wananchi wenyewe: duka lilipokufa, zao lilidhoofika.

Mwaka 1983 yalifuatana mawili. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na wenye bidhaa wakazitupa porini au mtoni usiku. Ikapitishwa pia sheria iliyojulikana kama Nguvu Kazi, ambayo chini yake vijana wasio na vitambulisho vya kazi walikamatwa mijini na kusafirishwa vijijini kulima. Waliporudishwa, wengi walifanya safari moja zaidi, ya kurejea walikokamatwa. Bajeti ya 1984 ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na baada ya hapo mitumba ikaanza kumiminika. Magulio na minada ya mifugo, ambako zamani mtu alikwenda kuuza fahali na kununua chumvi, ikajaa suruali za jinzi zilizovaliwa Ulaya na Marekani.

Kizazi kilichozaliwa kuanzia hapo kilikuta mambo yamepinduka. Baba zao walikuwa na fedha bila bidhaa; wao walikuta bidhaa bila fedha. Soko la pamba lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, na bei ikawa suala la misimu miwili au mitatu mizuri ikifuatiwa na mmoja unaovunja moyo. Mashamba yalikwisha kugawanywa mara nyingi mno. Mtoto wa tatu au wa nne hakuwa na robo ekari ya kukatiwa. Baadhi waliswaga ng'ombe kuelekea Rukwa, Usangu na Morogoro, wengine wakaenda migodini Geita na Kahama, wengine wakabaki.

Siasa za vyama vingi zilipoanza, mtu aliyeielewa hali hiyo alitoka hukohuko Bariadi. John Cheyo wa UDP aligombea urais mwaka 1995 akijulikana nchi nzima kwa jina la Bwana Mapesa, kwa kuwa hakuona haya kusema kwamba watu wanataka fedha mifukoni. Alipata karibu asilimia 4 ya kura, na baadaye alikuwa mbunge wa Bariadi Mashariki kwa miaka mingi. Magazeti ya Dar es Salaam yalilifanya jina lile kichekesho. Kwa wapiga kura wa nyumbani kwake lilikuwa kauli ya kawaida ya mkulima anayesubiri malipo ya msimu.

Kuna simulizi nyingine ya Bariadi ambayo nchi nzima inaijua, ya kijiji cha Gamboshi. Mchana, husimuliwa, ni kijiji kama vingine, tembe na mashamba. Usiku wenye macho ya kuona wanaona jiji: maghorofa, taa za rangi, magari ya kifahari, ndege zikitua, na wengine hutaja kabisa New York. Wakazi wa Gamboshi wamechoshwa na sifa hiyo, na wana haki, kwa kuwa uvumi wa uchawi umewagharimu watu wengi Kanda ya Ziwa maisha yao, wakiwamo bibi vikongwe wenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, na watu wenye ualbino waliouawa hasa kati ya 2007 na 2009 kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri katika migodi na uvuvi. Lakini angalia simulizi yenyewe inatamani nini. Haina dhahabu ya kifalme wala makundi ya ng'ombe, utajiri ambao babu angeuota. Ina umeme, lami na magari. Ni orodha ya vitu ambavyo vijana wa eneo hilo waliviona kwenye skrini wakavikosa barabarani, na kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza ni kazi gani ya halali ingewafikisha huko, simulizi inajaza pengo kwa uchawi.

Skrini hiyo ilikuwa katika vibanda umiza, vyumba vya mbao na turubai vyenye televisheni, jenereta na mabenchi. Humo vijana walitazama filamu za Hong Kong na Hollywood zikisimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, aliyemwongezea kila mhusika maneno ya mtaani. Kisha zikaja filamu za Kitanzania. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984 na kufariki Aprili 2012, mwezi mmoja tu baada ya Simiyu kutangazwa mkoa, aliigiza mara nyingi katika majumba ya vigae, gari limeegeshwa uani, simu mbili mezani. Nani alilipia nyumba ile na kwa kazi gani, hadithi nyingi hazikusema. Katika magazeti ya udaku, hadithi za mfululizo za Eric Shigongo, aliyechaguliwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020, ziliwapeleka wahusika kutoka ufukara hadi ukwasi kwa sura chache, na watu waligombania toleo lijalo. Kezilahabi alikuwa ameuliza kama maisha yana maana. Hadithi hizi zinauliza utatoka vipi kimaisha, na msomaji aliyeko kijiweni Bariadi analichukulia swali la pili kwa uzito uleule aliokuwa nao Kazimoto kwa la kwanza.

Kijiweni panahitaji maelezo, kwa sababu ndiko mpita njia anakowaona vijana na kusema hawana kazi. Kijana amekaa juu ya pikipiki ambayo si yake. Ana mkataba na mwenye chombo: hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya mwaka au zaidi, kama hajaanguka na hajakosa hesabu, pikipiki itakuwa yake. Fedha zinapita kwenye simu, utaratibu ulioingia nchini mwaka 2008 na M-Pesa. Kinachobaki baada ya mafuta anakigawa kati ya chakula, vocha na mkeka wa kubeti, mechi kumi za ligi za Ulaya kwa shilingi elfu moja. Mkeka ukichanika anaweka mwingine kesho. Sitetei kubeti, kunawanyonya. Lakini mwaka 2019, baba yake alipouza pamba kwa bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ilianguka, wanunuzi wakakwama, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Kilimo nacho kilikuwa kimeweka dau.

Walikuwapo waliojaribu kufungua njia nyingine. Anthony Mtaka, mkuu wa mkoa kuanzia 2016, alisukuma mpango wa kila wilaya kuwa na bidhaa yake, na vijana wa Maswa wakaanzisha kiwanda cha chaki, wale wa Meatu wakasindika maziwa. Chaki za Maswa ziliandikia ubaoni katika shule nyingi za mkoa. Juhudi hizo zilistahili sifa zilizopewa, lakini zilikuwa ndogo mbele ya idadi ya waliohitaji kazi, na wengi zaidi waliendelea kuelekea kwenye maduara ya dhahabu kila tetesi mpya iliposikika.

Tarehe 13 Januari 2024, katika mgodi wa Ng'alita wilayani Bariadi, kifusi kiliporomoka na kuua watu 22. Mkuu wa wilaya alieleza kwamba kundi lililoingia kuchimba lilikuwa la watu wa umri wa miaka 24 hadi 38, na kwamba eneo hilo lilikuwa limezuiwa kwa sababu ya mvua kubwa. Mwenye miaka 38 alizaliwa karibu na wakati mitumba ilipoanza kufika magulioni. Mwenye miaka 24 alizaliwa pamba ikiwa tayari mikononi mwa wanunuzi binafsi na robo ekari za kugawa zikiwa zimekwisha. Mchimbaji mdogo katika nchi hii hulipwa kwa mgao wa mawe anayoyatoa, na mgao ukiwa mzuri, kinachonunuliwa kwanza kinajulikana vijijini kote: bati za nyumba ya mama, pikipiki, ng'ombe wa mahari.